Uhalifu Una Mizizi Yake

Mkulima yeyote anaijua kazi ya kupalilia. Ukikata magugu juu juu ukaacha mizizi ardhini, mvua ikinyesha mara mbili tu yameota tena. Uhalifu nao uko hivyo. Mwizi akikamatwa akafungwa, tunashukuru. Lakini kama kilichomzaa mwizi yule bado kipo kijijini, mwakani atatokea mwingine. Huenda akawa mtoto wa jirani. Huenda akawa mtoto wetu wenyewe.

Leo tunataka kuichimba mizizi hiyo. Tutatumia mifano ya wilaya ya Kilosa na mji wa Mikumi, mkoani Morogoro, kwa sababu yaliyotokea huko yanatufundisha sote.

SIKU YA RUDEWA MBUYUNI

Tarehe 8 Desemba 2000, kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, kilishambuliwa. Walioshambulia walikuwa wafugaji wa Kimasai. Walioshambuliwa walikuwa wakulima. Watu 38 waliuawa, na wengine wakajeruhiwa. Nchi nzima ilishtuka.

Baada ya msiba kama huo, majibu ya haraka hayakosekani. Huyu anasema, "Wamasai ndivyo walivyo, wanapenda vita." Yule anasema, "Wakulima ndio wachokozi, wanakamata ng'ombe za watu." Majibu haya ni mepesi mno. Waparakuyo, ambao ni jamaa ya Wamasai, wamechunga katika mbuga za Kilosa tangu karne ya 19. Majirani zao ni Wakaguru na Wasagara. Walibadilishana maziwa na nafaka. Waligombana, wakapatana. Basi kama ubaya ni wa kabila, mbona mauaji ya namna ile hayakutokea kila mwaka? Lazima kuna kitu kilichobadilika.

Tukitazama vizuri tutaona mizizi mitatu: ardhi, kazi na haki. Tuichukue mmoja mmoja.

MZIZI WA KWANZA: ARDHI

Kilosa ina bonde zuri sana, mbuga ya Mkata. Wakati wa kiangazi, sehemu nyingine zikikauka, kando ya mto Mkata na kwenye mabwawa yake bado kuna majani mabichi. Mfugaji anapategemea hapo ili ng'ombe zake zisife. Mkulima naye anapapenda palepale, maana udongo wenye unyevu unastawisha mpunga, mahindi na mboga. Wawili wanataka kipande kimoja, katika miezi ileile.

Zamani nafasi ilikuwa kubwa kidogo. Lakini nafasi hiyo imepungua mara kadhaa. Wakati wa ukoloni, mashamba makubwa ya mkonge yalichukua ardhi nzuri karibu na reli, sehemu za Kimamba, Rudewa na kwingineko. Mwaka 1964 sehemu ya kusini ya mbuga ya Mkata ikawa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Hifadhi hiyo leo ina kilometa za mraba 3,230. Humo ndani hairuhusiwi kulima wala kuchunga. Hatusemi hifadhi ni mbaya. Tunasema tu kwamba ardhi iliyobaki nje ilipungua.

Watu nao wakaongezeka. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilionyesha Watanzania milioni 12 na kidogo. Hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha milioni 61 na zaidi. Ardhi haikuongezeka hata hatua moja.

Tena wako waliokuja Kilosa kwa sababu walinyang'anywa kwao. Wabarbaig wa Hanang walipoteza malisho yao mazuri kuanzia miaka ya 1970, pale yalipoanzishwa mashamba makubwa ya ngano ya serikali. Baadhi yao walihama na mifugo yao kuelekea kusini, wakafika mpaka mkoa wa Morogoro. Hivyo kosa lililofanywa Hanang likageuka ugomvi wa Kilosa. Mtu akisukumwa kwake, atakwenda kumsukuma mwingine.

MZIZI WA PILI: KAZI

Wazee wa Kimamba wanakumbuka enzi za mkonge. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000 za singa za mkonge, na hakuna nchi iliyotushinda duniani. Watu walitoka mikoa ya mbali kuja kukata mkonge na kufanya kazi kwenye korona. Kazi ilikuwa ngumu na mshahara mdogo. Lakini mshahara ulikuwepo, na mwisho wa mwezi mtu alijua atapata nini.

Kisha zikaja kamba za nailoni, na bei ya mkonge ikaanguka. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilitaifisha mashamba mengi. Usimamizi haukuwa mzuri siku zote, mashine zilichakaa, vipuri havikupatikana. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nchi nzima ilikuwa inatoa chini ya tani 50,000. Mashamba mengine yakageuka pori. Vibarua walibaki kwenye kambi zao bila kazi. Kurudi kwao walikuwa wamekwisha kupotea, na ardhi waliyolala juu yake si yao.

Baadaye mashamba yakauzwa kwa watu binafsi. Wengine waliyaendeleza. Wengine walikaa na hati tu, pori likazidi. Sasa fikirini, ndugu zetu. Kijana hana ekari hata moja. Pembeni mwake kuna maelfu ya ekari za pori zenye mwenyewe asiyeonekana. Akilima humo anaitwa mvamizi. Asipolima anaitwa mzururaji. Miaka ya karibuni serikali imefuta hati za baadhi ya mashamba hayo ili yagawiwe upya. Hilo ni jambo jema, lakini lilichelewa sana, na ugawaji wenyewe unahitaji macho ya wananchi.

Tukumbuke pia kwamba kila zama zina uhalifu wake. Miaka ya mwanzo ya 1980 tulikuwa na shida ya bidhaa. Vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979 ilikuwa imekula fedha, na mafuta ya petroli yalikuwa ghali. Sabuni haipo, sukari haipo, khanga hazipo. Uhalifu wa siku zile ulikuwa ulanguzi na magendo. Mwaka 1983 Waziri Mkuu, marehemu Edward Sokoine, aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Walanguzi wengi walikamatwa. Lakini ulanguzi ulipungua hasa pale bidhaa ziliporudi madukani. Mzizi wa ulanguzi ulikuwa uhaba.

Kuanzia mwaka 1986 nchi ilibadili njia. Tulianza kuuacha uchumi wa ujamaa, biashara ikafunguliwa. Bidhaa zikajaa. Lakini mashirika ya umma yakauzwa, wafanyakazi wakapunguzwa. Sasa mali ilionekana dukani na mfuko ulikuwa mtupu. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar liliwaruhusu viongozi mambo waliyokatazwa na Azimio la Arusha, kama vile kuwa na hisa katika makampuni na kupangisha nyumba. Mwananchi wa kijijini akaona wenye vyeo wanatajirika haraka, naye bado anangoja. Katika hali kama hiyo kijana hujiuliza, "Mimi mjinga peke yangu?"

Lakini tusikosee hapa. Maskini wengi hawaibi. Mama anayeuza ndizi stendi ya Mikumi tangu alfajiri mpaka usiku ni maskini, wala haibi. Na wako matajiri wanaoiba kwa kalamu. Kwa hiyo umaskini peke yake haumfanyi mtu kuwa mhalifu. Umaskini huwa hatari pale unapokutana na mzizi wa tatu.

MZIZI WA TATU: HAKI INAPOUZWA

Tuchukue mfano. Mkulima anaamka asubuhi, anakuta ng'ombe wamelala katikati ya mahindi yake. Mahindi yalikuwa yamebeba. Chakula cha mwaka mzima kimekwisha kwa usiku mmoja. Anakwenda kwa kiongozi kulalamika.

"Rudi kesho, mzee."

Kesho anarudi. "Gari halina mafuta. Una chochote?"

Mkulima hana chochote, chote kimeliwa na ng'ombe. Mwenye ng'ombe anazo hela, anatoa. Kesi inalala. Mkulima anarudi nyumbani, anachukua panga analinoa.

Sasa geuza upande wa pili. Mfugaji ng'ombe zake hamsini zimekamatwa. Hazikuingia kwenye shamba la mtu, zilikuwa njiani kwenda kunywa maji. Anaambiwa, "Lipa faini ndipo uzichukue." Anauliza, "Kosa langu nini?" Hajibiwi. Analipa. Anaomba stakabadhi, haipati. Wiki ijayo ng'ombe zinakamatwa tena. Mfugaji huyu naye anaita vijana wake.

Wote wawili wameibiwa. Aliyewaibia si mkulima wala mfugaji. Ni yule aliyegeuza ugomvi wao kuwa shamba lake la kuvuna. Mtu huyo hana haraka ya kuumaliza ugomvi, kwa kuwa ukimalizika hatapata kitu.

Wachunguzi waliozungumza na watu wa Kilosa baada ya mauaji ya Rudewa Mbuyuni walikuta malalamiko ya rushwa pande zote mbili. Wakulima walisema wenye ng'ombe wamewanunua wakubwa. Wafugaji walisema wamefanywa ng'ombe wa kukamuliwa. Watu wakishakata tamaa na ofisi, kila upande huanza kujitafutia hukumu wenyewe. Hapo kosa dogo la ng'ombe kuingia shambani linaweza kufika kwenye makaburi. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

Wala jambo hili halikuwa la Kilosa tu. Mwaka 1996 Rais Benjamin Mkapa aliunda tume ya kuchunguza rushwa, ikiongozwa na Jaji Joseph Warioba. Tume ilikuta rushwa imeenea, hata polisi na mahakamani. Ilitofautisha makundi mawili. Wako wanaopokea kwa sababu mshahara hauwafikishi mwisho wa mwezi. Na wako wakubwa wanaopokea kwa sababu ya tamaa tu, wakati wanacho cha kutosha. Wa kwanza wanapunguzwa kwa mshahara wa haki na usimamizi. Wa pili hawashibi hata uwaongezee nini. Hao dawa yao ni sheria.

MIKUMI: NANI ANAFUNGWA?

Tuteremke sasa mpaka Mikumi. Mji huu umekua kandokando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia. Barabara hiyo inapita kiasi cha kilometa 50 ndani ya hifadhi. Abiria wanaona twiga na tembo kwa macho yao bila kulipa kiingilio.

Wanaoishi karibu na hifadhi wanawaona wanyama kwa namna nyingine. Tembo akitoka usiku anamaliza shamba. Mwenye shamba haruhusiwi kumgusa. Lakini kijana akitega nyaya akakamata swala, huyo ni jangili. Sheria ya wanyamapori ni kali. Wako watu waliohukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa kukutwa na nyara za serikali, na nyama ya mnyama ni nyara pia.

Hatutetei ujangili. Mtego wa waya hauchagui. Unanasa hata mnyama mwenye mimba, na wanyama wakiisha watalii hawaji. Tembo ndio walioumia zaidi. Mwaka 1976 katika eneo la Selous na jirani yake walikadiriwa kuwa zaidi ya 100,000. Sensa ya mwaka 2013 katika eneo la Selous na Mikumi ilikuta wamebaki kama 13,000 tu.

Lakini tujiulize: pembe za tembo hao wote zilikwenda wapi? Kijana wa kijijini hana meli. Hana kontena. Pembe ziliondoka nchini kwa sababu kuna tajiri wa kununua, na kuna watu njiani wa kufumba macho. Mwezi Februari 2019, mahakama ya Kisutu jijini Dar es Salaam ilimhukumu mfanyabiashara wa Kichina, Yang Feng Glan, aliyejulikana kama Malkia wa Pembe za Ndovu, kifungo cha miaka 15 pamoja na Watanzania wawili. Siku ile wengi walishangilia, maana ilikuwa nadra kuona mkubwa wa biashara hiyo akifikiwa na sheria.

Somo la Mikumi ni hili. Ukifunga watega nyaya mia moja, tajiri atapata wengine mia moja kesho, kwa sababu vijana wasio na kazi wapo tele. Ukimfunga tajiri mmoja, vijana mia hawana tena wa kuwatuma.

SI SISI PEKE YETU

Mambo haya yamewakuta wengine pia. Dola ya Kisovieti ilivunjika mwaka 1991. Nchini Urusi viwanda vya umma viliuzwa kwa bei ya kutupa, vikaingia mikononi mwa wachache. Wafanyakazi walikaa miezi bila mshahara. Polisi na mahakama zikawa dhaifu, na majambazi wakawa ndio wanaotoza "ulinzi" madukani. Katika miaka michache, mpaka 1994, mauaji nchini humo yalikuwa yameongezeka zaidi ya mara mbili.

Warusi hawakuzaliwa upya mwaka 1991 wakiwa na roho mbaya. Kilichobadilika ni hali yao: sheria za zamani zilivunjika kabla sheria mpya hazijashika. Kwetu mabadiliko hayakuwa makali kiasi hicho, na tushukuru. Lakini njia tuliyopita inafanana na ile.

DAWA ISIYOPONYA

Watu wakichoshwa na uhalifu hutafuta njia ya mkato. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi walianzisha sungusungu ili kupambana na wezi wa ng'ombe. Walifanikiwa sehemu nyingi, wizi ulipungua. Lakini palipokosekana usimamizi, sungusungu wengine waligeuka kuwa watesaji, na wasio na hatia waliumia.

Mbaya zaidi ni kupiga watu na kuwachoma moto kwa kelele ya "Mwizi! Mwizi!" Katiba yetu inasema mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike kuwa ana hatia. Anayerusha jiwe katika kundi la watu naye ni muuaji mbele ya sheria. Tena aliyechomwa hawezi kusema nani alimtuma. Tumekata jani, mzizi umebaki.

TUFANYE NINI?

Mambo mengine yako juu ya uwezo wa kijiji. Lakini mengi tunayaweza.

Kwanza, tupange ardhi yetu. Kila kijiji kiwe na mpango wa matumizi bora ya ardhi: hapa mashamba, hapa malisho, hapa njia ya ng'ombe kwenda majini. Mpango upitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, na wafugaji wawepo. Mpango uliopitishwa bila wao hautaheshimiwa nao. Ardhi ipimwe, na watu wapewe hati za hakimiliki ya kimila. Mwenye hati aitunze. Asiye nayo aulize.

Pili, tulitumie Baraza la Ardhi la Kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema baraza liwe na wajumbe saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Kazi yake ni kupatanisha. Tuchague watu wasionunulika.

Tatu, tutumie kalamu. Sisi tuliojifunza kusoma na kuandika ukubwani tunayo silaha ambayo baba zetu wengi hawakuwa nayo. Ng'ombe wakiingia shambani, andika siku hiyohiyo: tarehe, saa, ekari ngapi zimeliwa, mashahidi ni nani. Waombe mashahidi waweke sahihi. Ukitozwa faini, dai stakabadhi, usome imeandikwa shilingi ngapi. Mla rushwa anaogopa karatasi kuliko panga. Akikudai "chai", toa taarifa TAKUKURU. Namba yao ya simu ni 113, nayo haikatwi hela.

Nne, tudai hesabu. Mapato na matumizi ya kijiji yasomwe kwenye mkutano mkuu, kila miezi mitatu. Faini za ng'ombe nazo zisomwe.

Tano, tuwatafutie vijana kazi kabla hawajatafutwa na majambazi. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vijana waunde vikundi, waende wakaulize. Wasiishie kwenye vijiwe.

Ndugu wasomaji, makaburi ya Rudewa Mbuyuni yanatukumbusha gharama ya kungoja. Watu wale 38 hawakufa kwa sababu ya mahindi tu, wala ng'ombe tu. Walikufa mahali ambapo ardhi ilikuwa haitoshi, na watu walikuwa hawaamini tena kwamba ofisi itawapa haki. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tuanze na ufa ulio kijijini kwetu, kabla mvua hazijaanza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, ni ugomvi gani wa ardhi ambao haujamalizwa? Umekaa kwa miaka mingapi?

2. Mtu akionewa hapa kwetu anakwenda kwa nani kwanza? Je, anarudi ameridhika?

3. Wajumbe wa Baraza letu la Ardhi ni akina nani? Wanawake ni wangapi?

4. Mara ya mwisho hesabu za kijiji zilisomwa lini?